Mchepuo wa Uchumi Ndani ya Chuo cha Biashara: Panga Ukianzia Mwisho

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na Jumamosi iliyopita alinifuata Moshi mjini akiwa na karatasi mbili mkononi. Moja aliichapa kutoka kwenye mwongozo wa chuo cha biashara cha Marekani. Ya pili ilikuwa fotokopi ya kurasa za kitabu cha mwongozo cha chuo kimoja cha huku kwetu, kile ambacho wengi tunakiita prospektasi. Tuliingia mgahawani karibu na soko la Mbuyuni, akaagiza mtori, akazitandaza karatasi mezani kabla bakuli halijafika.

"Mjomba, hawa wanasema nitangaze meja, halafu baadaye nichague konsentresheni. Huku kwetu sioni pa kutangaza chochote. Nimekosea wapi?"

Hajakosea. Alikuwa anatumia ramani ya Chicago kutafuta njia ya kwenda Majengo. Mwanafunzi wa Marekani kwa kawaida anapokelewa chuoni kwanza, anapitia masomo ya jumla mwaka mmoja au miwili, ndipo anatamka anachotaka kubobea, yaani meja. Akiwa chuo cha biashara, shahada yake mara nyingi ni ya utawala wa biashara, na uchumi unaingia kama fungu la masomo manne, matano au sita yanayopangwa juu ya msingi huo. Fungu hilo ndilo konsentresheni. Mimi naliita mchepuo, kwa sababu ni neno tulilokua nalo tangu sekondari.

Kwetu uchaguzi mkubwa unafanyika kabla hujakanyaga chuo. Unaomba programu yenye jina kamili, na jina hilo ndilo litakalokaa kwenye cheti. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina shahada ya uchumi wa biashara. Chuo cha Uhasibu Arusha, kule Njiro, kina shahada ya uchumi na fedha. Hata wasimamizi wao ni tofauti: cha Moshi kiko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, wakati cha Njiro kinatoa tuzo za ngazi za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ambako shahada ni ngazi ya 8. Kuhama programu inawezekana, lakini dirisha lake ni fupi na linaangalia sifa zako na nafasi zilizopo. Usilipange kama mpango wa kwanza.

Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa mwanafunzi ni kidogo: masomo machache ya hiari, mahali pa kwenda fildi (mafunzo kwa vitendo), na mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho. Vitu hivyo vitatu vikivuta upande mmoja, una mchepuo. Kila kimoja kikienda njia yake, una cheti kilichoandikwa uchumi na huna la kusema kwenye usaili.

Jambo la pili lililomchanganya kijana ni wingi wa uhasibu. Anasoma uchumi, mbona mwaka wa kwanza umejaa leja, kanuni za uongozi na sheria za biashara? Jibu ni historia. Chuo cha Moshi kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, kazi yake ikiwa kufundisha watu wa vyama vya ushirika. Kikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine mwaka 2004, kikasimama chenyewe mwaka 2014. Kile cha Arusha jina lake linajieleza. Nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya uchumi. Uchumi ni mpangaji, na mpangaji hupewa vyumba vilivyobaki. Anayetaka nyumba nzima aombe shahada ya uchumi Dar es Salaam, Mzumbe au Dodoma, akijua kwamba huko nako atakutana na hisabati nyingi kuliko alivyotarajia.

Mimi nadhani kukaa nyumba moja na wahasibu kuna faida ambayo watu wa uchumi mtupu hawaipati, mradi uelewe mapema kwamba hawa ndugu wawili, mhasibu na mchumi, hawaulizi swali moja. Nilimpa mpwa wangu mfano wa kihamba, shamba la ukoo la Kichagga. Tuseme mzee wa Kibosho ana nusu eka ya kahawa. Mwaka huu ameuza kwa shilingi 900,000. Mbolea, dawa na vibarua vimekula 350,000. Mhasibu atafunga kitabu na kuandika faida 550,000, na yuko sahihi. Mchumi atauliza swali la kuudhi: shamba hilohilo lingepandwa parachichi, lingempa nini? Tuseme baada ya gharama lingebaki na 700,000. Basi kwa hesabu ya mchumi mzee amepoteza 150,000, ingawa pesa iko mfukoni na hakuna mwizi aliyepita. Hiyo 700,000 aliyoiacha ndiyo gharama ya kahawa ambayo haionekani kwenye leja yoyote.

"Kwa hiyo mzee ni mjinga?" akauliza.

Labda. Au labda anajua kwamba ukishang'oa mibuni, kurudi nyuma ni miaka mitatu minne ya kusubiri mavuno. Pengine anathamini kitu kingine ambacho mimi na wewe hatujakihesabu. Ukiweza kukaa na maswali hayo matatu kwa wakati mmoja, halafu ukajua kusoma hesabu za chama cha msingi cha ushirika anachouzia, wewe ni mtu adimu. Mwenye uhasibu peke yake hawezi, na mwenye nadharia peke yake hawezi.

Tuligeuza ile karatasi ya Marekani upande wa nyuma, tukachora visanduku sita, kimoja kwa kila semesta. Mkono wake ukaenda kwenye kisanduku cha kwanza. Nikauzuia. Andika cha sita kwanza: UTAFITI. Cha tano: EKONOMETRIKI. Sasa rudi nyuma, uulize kila mara, ili niweze hiki nilitakiwa niwe nimejua nini?

Ekonometriki, kwa asiyeijua, ni sehemu ya uchumi inayochukua takwimu halisi na kupima kama madai ya nadharia yana ukweli. Nadharia inasema bei ikipanda watu hununua kidogo. Sawa, kidogo kiasi gani? Ili ujibu, unahitaji takwimu: uwezekano, wastani, jinsi sampuli ya watu 400 inavyoweza kusema kitu kuhusu wilaya nzima. Unahitaji pia hisabati ya uchumi, hasa kutafuta mteremko wa mstari uliopinda, kwa sababu karibu kila kitu katika uchumi ni swali la "nikiongeza kimoja zaidi, nini kinabadilika?" Na unahitaji maikro (uchumi wa mtu, kampuni na soko moja) na makro (uchumi wa nchi nzima) za ngazi ya kati ili ujue unapima nini. Hizo nazo hazisomeki bila maikro na makro za mwaka wa kwanza. Mnyororo ni huo. Ukikatika mahali pamoja, uzito wote unaangukia mwaka wa tatu, wakati ambao huna muda.

Najua kwa sababu ulinikatikia. Mwaka wa kwanza nilikula sapu ya hisabati, yaani mtihani wa marudio. Nikaifuta kwa C, ambayo kwenye sapu ndiyo ilikuwa mwisho wa juu chuoni kwetu, nikashangilia kama nimefunga goli. Sikurudi kuisoma. Mwaka wa tatu mhadhiri wa ekonometriki akajaza ubao kwa alama za kujumlisha na miraba ya makosa, nami nikanakili kila kitu kama mtu anayechora maua ya kanga. Mtihani niliupita kwa desa, yaani majibu ya kukariri. Kwenye utafiti sikuwa na desa. Niliingiza data kwenye programu, ikanitolea majedwali mazuri, nikayabandika sura ya nne. Siku ya kuutetea, msimamizi akaweka kidole kwenye jedwali na kuuliza, "Hii nyota mbele ya namba ina maana gani?" Nikajibu kwamba programu ndiyo iliyoiweka. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Waliotoka EGM wana unafuu, maana hisabati ya juu wameshapigana nayo. Waliotoka HGE (historia, jiografia, uchumi) au ECA (uchumi, biashara, uhasibu) mara nyingi wana BAM tu, ile hisabati ya msingi, na hawa ndio nawaambia watumie miezi ya kusubiri chuo kufungua tena kitabu cha hisabati. Si lazima tuisheni. Mistari iliyopinda, logi, na matriki kidogo vinatosha kukufikisha mlangoni. Wanaopitia diploma wengi wanakuja na uhasibu mzuri na hisabati iliyoshika kutu, nao ushauri wao ni huohuo. Na kama chuo kinakuruhusu kuchagua kati ya somo la hiari la hisabati na somo la hiari lenye jina tamu mwaka wa pili, chukua hisabati. Jina tamu utalisoma mwenyewe jioni.

Sasa masomo ya hiari. Hapa wanafunzi wengi wanachagua kwa kuuliza nani anafundisha na nani anabania maksi. Sitajifanya mtakatifu, hilo nalo ni la kuangalia. Lakini mchepuo unahitaji mada, na mtu anayesoma Moshi au Arusha amekalia mada ambazo wengine wanazisoma vitabuni tu.

Chukua kahawa. Bodi ya Kahawa makao yake makuu yako Moshi, na mji huu kwa muda mrefu umekuwa na mnada ambako makampuni hushindania kahawa, bei zikitajwa kwa dola za Marekani kwa mfuko wa kilo 50. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933. Lakini bei ya arabika ya mlimani haianzii mlimani. Inafuata soko la New York, wakati robusta ya Kagera inaangalia London. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni Brazili, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa imepaa. Julai 2021 baridi ikapiga tena Brazili, bei zikapanda tena. Mkulima wa Machame hakufanya lolote, na kipato chake kikabadilika.

Ndani ya hadithi hiyo moja kuna karibu shahada nzima. Kwa nini bei ilipaa namna ile? Kwa sababu mbuni hauzai kesho. Ugavi wa kahawa kwa muda mfupi ni mgumu kunyumbuka, na wanywaji nao hawaachi kahawa kwa kupanda bei kidogo. Huo ni unyumbufu, maikro ya mwaka wa kwanza. Dola ikipanda dhidi ya shilingi mkulima anapata nini, na aliyeagiza mbolea nje anapoteza nini? Makro. Kwa nini mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika Julai 1989, na bei zikaporomoka? Biashara ya kimataifa. Kwa nini watu wachache wanaonunua kwenye mnada wanaweza kuwa tatizo hata kama kila mmoja ni mwaminifu? Uchumi wa masoko na ushindani. Mwanafunzi mwenye kahawa kichwani anajua ni masomo gani ya hiari ya kuchukua bila kuulizia nani anabania maksi.

Kwa Arusha ningefikiria tofauti. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010, na wanachama sasa ni wanane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia mwaka 2024. Mwanafunzi wa Njiro anayetaka biashara ya kikanda anaweza kujenga mchepuo wake hapo: uchumi wa kimataifa, kodi, fedha za umma, kisha fildi ya forodha au kwa wakala wa mizigo mpakani Namanga. Utalii nao upo, lakini naona umesomwa sana kijuujuu. Kila mwaka mtu anaandika kuhusu "mchango wa utalii katika maendeleo" na kurudi na majibu ambayo dereva yeyote wa daladala angempa bure.

Kuhusu mada ya utafiti, onyo moja linastahili nafasi kubwa kuliko mengine. Tuseme unataka kujua kama bei ya mnada wa Moshi inafuata bei ya New York. Unachukua bei za kila mwezi za miaka kumi, unazilinganisha, programu inakuambia uhusiano ni mkubwa mno. Usifurahi haraka. Chukua idadi ya bodaboda mjini na bei ya parachichi sokoni kwa miaka hiyohiyo. Zote zimekuwa zikipanda, na programu itakuapia kwamba bodaboda ndizo zinapandisha parachichi. Vitu viwili vinavyopanda pamoja kwa muda vinaonekana ndugu hata kama havijuani. Clive Granger na Paul Newbold walilionyesha tatizo hili kwa hesabu mwaka 1974, na Granger alikuja kupata Nobeli mwaka 2003 kwa kazi yake juu ya mifululizo ya namna hiyo. Vipo vipimo vya kukukinga, vinafundishwa kwenye ekonometriki ya data za muda. Kama chuo chako hakina somo hilo, basi chagua mada ya data za kaya badala ya data za muda, na ujue tangu mwaka wa pili. Data za kaya zipo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu inafanya utafiti wa kufuatilia kaya kwa awamu tangu 2008/09, na faili zake zinapatikana bila malipo kwa anayejisajili. Benki Kuu nayo hutoa mapitio ya uchumi kila mwezi. Nashangaa watu wanaopeleka madodoso 50 kwa marafiki zao wa hosteli wakati hazina hizi ziko wazi.

Upande wa krediti sina maneno mengi. Mwaka mmoja ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kazi zikiwemo mihadhara, semina na msuli wako mwenyewe. Somo la krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki za semesta na utaona kwa nini masomo mawili mazito ya namba hayafai kukaa semesta moja kama una hiari. GPA, yaani wastani wa alama zako, inahesabiwa kwa uzito huo: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Ukipata C kwenye somo la krediti 12 na A kwenye la krediti 8, una pointi 24 na 40, jumla 64, gawa kwa 20, unapata 3.2. Wastani wa kawaida ungekudanganya kwamba ni 3.5, na 3.5 ndiyo mlango wa daraja la pili la juu. Masomo mazito ndiyo yenye mizani.

Mpwa wangu hakuuliza kuhusu kazi, lakini mama yake alikuwa ameshanipigia simu. Kwa ajira za serikali, soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira sasa, usisubiri uhitimu. Nafasi ya Mchumi Daraja la II huorodhesha fani zinazokubalika kwa majina, na afisa anayechuja maombi anafuata jina la cheti. Hapo ndipo jina la programu lina uzito kuliko masomo uliyoyasoma, hata kama haipendezi kusema. Anayetaka CPA, cheti cha mhasibu wa kitaalamu, naye alinganishe mapema masomo ya programu yake na yale NBAA, bodi ya wahasibu, inayoyatambua kwa msamaha wa mitihani, maana kila somo la uhasibu unaloliruka kwa ajili ya uchumi linaweza kurudi kama mtihani wa kulipia. Na anayetaka shahada ya pili ya uchumi ajue kwamba huko ekonometriki na hisabati zinaanzia pale anapodhani zimeishia. Programu ya pamoja ya uzamili inayoratibiwa na AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika iliyoko Nairobi, ambayo Dar es Salaam ni sehemu yake, imekuwa ikipokea wanafunzi tangu 1993, na haijawahi kusifika kwa huruma.

Visanduku vyetu vilijaa polepole. Fildi tuliandika chama cha msingi cha ushirika, na pembeni yake kwa mwandiko mdogo: omba kushika daftari la malipo, usikubali kukaa mapokezi. Ikabaki nafasi moja, ya somo la hiari la mwaka wa tatu. Kijana alitaka kuweka masoko, rafiki yake kamwambia linapitika. Nikamwambia aiache tupu. Masomo mengi ya hiari yanaandikwa kwenye prospektasi na hayafunguliwi, kwa sababu wanafunzi hawakufika idadi au mhadhiri yuko masomoni. Apige simu idarani aulize ni yapi yalifundishwa kweli mwaka jana.

Akachora alama ya kuuliza kwa penseli kwenye nafasi hiyo, akakunja karatasi mara nne, ndipo akavuta bakuli. Mtori ulikuwa umeshaganda juu.